Shamba la mvinyo la ukoo, Stellenbosch: mwongozo kamili, kuanzia miadi hadi chupa kufika nyumbani nzima

Wanaorudi kutoka Cape Town wamenuna husimulia yale yale. Walifika Jumapili mchana wakakuta geti limefungwa. Walipanga mashamba matano kwa siku moja, na kuanzia la tatu hawakumbuki hata jina. Walipelekwa na teksi ya kuita kwa simu, wakati wa kurudi wakazungusha simu hewani saa nzima kutafuta mtandao. Au chupa ilipasuka ndani ya begi na shati la kazini likageuka zambarau.

Mzizi wa makosa haya ni mmoja: shamba la ukoo linachukuliwa kama baa. Kumbe ni makazi ya watu na mahali pao pa kazi, na wageni wanakaribishwa kwa saa maalumu. Ndiyo maana ziara hii huamuliwa wiki mbili kabla, ukiwa bado nyumbani na kalenda mkononi.

Tunazungumzia Stellenbosch, mji ulio karibu kilomita 50 mashariki mwa Cape Town, Afrika Kusini. Utaratibu huu unafaa pia Franschhoek na Paarl, ambazo ni jirani.

## Vitu vya kuandaa

- Pasi yenye kurasa mbili tupu, na muda wake usiishe kabla ya siku 30 baada ya safari. Watanzania na Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi mafupi, yasiyozidi siku 90. Wengine waulize ubalozi mapema, maana masharti hubadilika.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo ya jana haikusaidii.
- Kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi. Mashamba mengi hupendelea kadi kuliko noti. M-Pesa ya nyumbani haitakufaa kwenye kaunta yao.
- Uthibitisho wa miadi, uliohifadhiwa kwenye simu kama picha. Usitegemee kuufungua kwa intaneti ukiwa getini.
- Viatu bapa vilivyofunika vidole na sweta moja, hata kama ni Februari na jua linawaka.
- Maji lita 1 kwa kila mtu na chakula cha kutafuna: mkate, korosho, jibini.
- Daftari dogo na kalamu.
- Taulo mbili kuukuu, mifuko ya plastiki isiyovuja na mkanda wa gundi, kwa ajili ya chupa za kurudi nazo.
- Dereva asiyekunywa. Huyu ni sehemu ya vifaa, na hatua ya 4 inaeleza kwa nini.

Manukato hayamo. Yaache hotelini.

## Hatua ya 1: Chagua msimu kwa kujua unataka kuona nini

Waliozoea zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, hudhani wakati wowote kuna kitu mtini. Rasi ya Afrika Kusini, yaani eneo la Cape Town, ina baridi ya kweli. Mzabibu hulala, hupukutisha majani, na huzaa mara moja tu kwa mwaka.

Mavuno huanza mwishoni mwa Januari na kuendelea hadi Machi, kwingine hadi Aprili mwanzoni. Ukienda Februari utaona trekta zikishusha zabibu na utasikia harufu ya juisi inayochachuka uwanja mzima. Lakini hapo ndipo wenye shamba wanalala kwa muda wa saa nne tu usiku, na ziara za ndani ya kiwanda mara nyingi husimamishwa. Usitarajie mwenye nyumba akae nawe kuzungumza.

Kama unataka mazungumzo, nenda Oktoba na Novemba, majani yakiwa mabichi, au mwishoni mwa Aprili na Mei, majani yakigeuka rangi ya kutu. Juni hadi Agosti kuna mvua na baridi, na mashamba mengi hufupisha saa, ila chumba cha kuonjea huwa na moto wa kuni na nafasi tele. Kipindi kibaya kuliko vyote ni kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari. Jiji zima liko likizo na kila meza imejaa.

Ijumaa Kuu na Krismasi mashamba mengi hufunga. Jumapili baadhi hayafungui kabisa, hasa yale ya ukoo. Jumanne hadi Alhamisi asubuhi ndio wakati wa dhahabu.

## Hatua ya 2: Chagua mawili, yasizidi

Shamba moja la ukoo, ukilipa haki yake, ni saa moja na nusu hadi mbili. Ongeza barabara na chakula cha mchana, siku imekwisha. La tatu utalionja na ulimi uliochoka. Baada ya mvinyo kumi hivi, tanini, ule ukakasi utokao kwenye ngozi za zabibu, hukausha mdomo mpaka kila kitu kina ladha moja.

Pili, hakikisha ni la ukoo kweli. Mashamba mengi yenye nyumba nyeupe za kale na paa za nyasi sasa ni ya makampuni au matajiri wa mbali, na jina la ukoo limebaki kwenye lebo tu. Angalia tovuti yao ukurasa unaoeleza wamiliki. Kama wanataja vizazi na nani anaishi pale, vizuri. Kama wanataja hoteli, spa na ukumbi wa harusi kabla ya kutaja zabibu, basi utapata hoteli.

Matatu ya kuanzia:

Meerlust. Liko kusini mwa mji, kwenye barabara ya R310, si mbali na makutano yake na barabara kuu ya N2, kwa hiyo unalifikia kabla ya kuingia Stellenbosch ukitokea Cape Town. Ukoo wa Myburgh unalimiliki tangu 1756. Mvinyo wao wa kuulizia ni Rubicon, mchanganyiko mwekundu unaoongozwa na zabibu ya Cabernet Sauvignon, ambao mavuno yake ya kwanza yalikuwa 1980. Shamba linapata upepo wa bahari kutoka False Bay, na upepo huo unapooza zabibu mchana wa joto. Ukisimama uwanjani alasiri utauhisi shingoni.

Muratie. Liko kaskazini mwa mji, mkono wa barabara ya Knorhoek unaoingia kutoka R44. Ukoo wa Melck ulilipata mara ya kwanza karne ya 18, likatoka mikononi mwao, likarudi 1987. Chumba chao cha kuonjea kina utando wa buibui madirishani ambao hawaufuti kwa makusudi, kwa hiyo usishangae wala usiwaambie. Mvinyo wao mmoja mwekundu unaitwa Ansela van de Caab, jina la mwanamke aliyekuwa mtumwa Rasini, akapata uhuru, akaolewa na mwenye shamba wa kwanza, Laurens Campher. Naye ana mvinyo wake, mweupe. Onja yote miwili mfululizo.

Kanonkop. Nalo liko kwenye R44, mbele kidogo ukielekea Paarl, na linaendeshwa na kizazi cha nne cha ukoo ule ule. Hapa ni mahali pa Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchavusha Pinot Noir na Cinsaut. Wanachachulia kwenye matangi ya wazi ya saruji, mapana na mafupi.

Panga kwa barabara, si kwa sifa. Muratie na Kanonkop yanakaa vizuri siku moja. Meerlust lipe siku ya kufika au ya kuondoka, kwa kuwa liko njiani. Anayejaribu kubana kusini na kaskazini asubuhi moja hukwama kwenye foleni ya katikati ya mji na kuchelewa miadi ya pili.

## Hatua ya 3: Omba miadi kwa maandishi

Andika barua pepe siku 10 hadi 14 kabla. Wiki moja kabla inawezekana nje ya msimu, lakini ziara ya ndani ya kiwanda huhitaji mtu wa kuongoza, na mashamba haya hayana waongozaji waliokaa tu wakisubiri.

Barua iwe ya mistari sita: tarehe na tarehe mbadala, saa ya kufika, idadi ya watu, wangapi wanakunywa na wangapi hawanywi, kama unataka kuona kiwanda au kuonja tu, na namba ya simu yenye msimbo wa nchi. Usiulize "mna nafasi lini?" Hilo linarudisha kazi kwao, na jibu huchelewa.

Mtego mmoja ni wetu sisi Waswahili peke yetu: saa. Andika 10:00, usitafsiri "saa nne" kichwani ukaishia kuandika 4. Tena Afrika Kusini iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Simu itajirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haitajirekebisha.

Omba nafasi ya kwanza ya asubuhi, 10:00 au 10:30. Ulimi bado ni mpya, chumba kimetulia, na anayekuhudumia hajarudia maelezo yale yale mara kumi.

Ukiwa na Waislamu au wengine wasiokunywa kwenye msafara, sema mapema. Mashamba mengi yana juisi ya zabibu au vinywaji vingine, na kutembea shambani na kiwandani hakudai mtu aonje. Ukikaa kimya, utafika ukute imeandaliwa meza ya watu sita wa kuonja na utalipishwa sita.

Miadi imekamilika ukipata jibu lenye jina la mtu, saa na ada kwa kila mtu. Ujumbe unaojituma wenyewe kwamba barua yako imepokelewa haujathibitisha kitu.

## Hatua ya 4: Usafiri, na hesabu ya pombe

Sehemu hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, kwa hiyo tupige hesabu.

Kila mvinyo wa kuonja huwa mililita 25 hadi 30. Mitano ni mililita 150, yaani glasi moja kamili. Kwa mvinyo mwekundu wa asilimia 14, hizo ni mililita 21 za pombe safi, karibu gramu 17. Mashamba mawili ni gramu 34. Kikomo cha dereva Afrika Kusini ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, na kwa dereva wa kazi ni 0.02. Mwanamke wa kilo 60 aliyemeza vyote anaweza kuvuka kikomo cha kwanza bado akijiona mzima kabisa. Vizuizi vya polisi ni vya kawaida kwenye barabara hizi, na anayevuka hukamatwa.

Njia tatu zinafanya kazi:

1. Mmoja wenu hanywi kabisa. Si "ataonja kidogo". Gari zinaendeshwa kushoto kama kwetu, kwa hiyo hamtapata shida ya barabara. Leseni iwe na picha na iwe imeandikwa kwa Kiingereza. Uliza pia kampuni ya kukodi gari kabla ya kulipa.
2. Dereva wa kukodi kwa siku nzima. Kubaliana bei, saa za kuanza na kumaliza, na majina ya mashamba, yote kwa maandishi. Kwa watu wanne gharama ikigawanywa huwa ya kuvumilika.
3. Tramu ya mvinyo ya Franschhoek, kama hujali kuchaguliwa mashamba. Ni nzuri kwa anayeanza, lakini ratiba yake ndiyo inayokuongoza.

Teksi za kuita kwa simu hufika vizuri kutoka mjini kwenda shambani. Tatizo ni kurudi. Madereva hawakai huko mashambani, mtandao hufifia bondeni, na jioni wote wako Cape Town. Ukilazimika, mwombe yule yule aliyekuleta akusubiri na mlipane kwa saa.

## Hatua ya 5: Asubuhi ya siku yenyewe

Kula. Chakula kizito chenye mafuta na wanga: mayai, mkate, parachichi. Tumbo tupu hupitisha pombe haraka kwenye damu, na mvinyo mweupe mkali saa nne asubuhi utakuchoma kifua.

Piga mswaki angalau saa moja kabla. Dawa ya meno hugeuza mvinyo kuwa kama juisi ya limao iliyolala.

Usipake manukato, udi wala mafuta yenye harufu. Nusu ya kuonja ni pua, na harufu yako inamnyima jirani yako mezani haki yake pia. Kwa watu wa pwani hii ni sadaka, tunajua.

Acha nafasi kwenye buti la gari upande usiopigwa na jua. Sababu iko hatua ya 9.

## Hatua ya 6: Getini na uwanjani

Geti la shamba mara nyingi lina mlinzi au kitufe chenye spika. Taja jina la aliyeweka miadi na saa, basi. Huenda ukaandika namba ya gari na simu kwenye kitabu. Si dharau, ni utaratibu wa usalama wa mashamba yote.

Endesha polepole sana barabara ya ndani. Vumbi la gari hutua juu ya zabibu za mistari ya pembeni, na wakati wa mavuno trekta ina haki ya njia.

Fuata kibao cha chumba cha kuonjea. Nyumba kubwa nyeupe yenye paji la kupinda, ile inayovutia kamera, mara nyingi watu wanaishi ndani. Piga picha ukiwa uwanjani, usipande baraza wala kuchungulia dirishani. Mbwa wakija, simama tu.

Fika dakika 5 hadi 10 kabla. Ukichelewa zaidi ya dakika 15, piga simu. Wanaweza kukuhamishia saa nyingine, lakini ziara ya kiwanda ndiyo itakatwa kwanza.

## Hatua ya 7: Shambani na kiwandani

Anza na mizabibu kabla ya glasi, kama unaruhusiwa. Usichume. Uliza, na utapewa ya kuonja mwenyewe. Zabibu ya mvinyo ni ndogo, ngozi nene, kokwa kubwa, na tamu kuliko ya mezani. Itafune pole pole na usimeze ngozi mara moja. Ule ukakasi unaobaki kwenye ufizi, kama umeuma bibo la korosho, ndiyo tanini. Ukiukamata hapo utautambua baadaye kwenye glasi.

Kiwandani sakafu ni ya maji muda wote, ndiyo sababu ya viatu bapa. Ghala la mapipa huwekwa baridi, nyuzi 12 hadi 16 hivi, ndiyo sababu ya sweta.

Onyo kubwa wakati wa mavuno: usiinamie tangi linalochachuka. Chachu ikila sukari hutoa hewa ya kaboni dioksidi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa juu ya juisi na chini sakafuni bila rangi. Pumzi moja kubwa juu ya tangi inaweza kumwangusha mtu ndani. Watoto washikwe mkono.

Kwenye tangi la wazi utaona ngozi za zabibu zimepanda juu na kufanya tabaka nene kama ukoko wa wali. Mfanyakazi hulisukuma chini kwa mpini wenye ubao, mara kadhaa usiku na mchana, kwa sababu mbili. Rangi na tanini viko kwenye ngozi, visipolowana mvinyo unapauka. Na ukoko ukiachwa mkavu hewani, unageuka siki. Mvinyo mweupe hauna kazi hii: zabibu zake hukamuliwa kwanza, ngozi zikatupwa, ndipo juisi ikachachuliwa peke yake.

Kwenye mapipa, uliza swali moja tu: ni mangapi ni mapya mwaka huu? Pipa jipya la mwaloni hutoa harufu ya vanila na moshi, la mwaka wa nne halitoi karibu chochote. Jibu la swali hilo hueleza tofauti kubwa ya bei kwenye orodha.

## Hatua ya 8: Kuonja

Mpangilio huwa mweupe, kisha mwekundu mwepesi, kisha mwekundu mzito, na mtamu mwisho. Usiubadilishe. Ukianza na mtamu, ule mkavu unaofuata utaonekana mchungu kama shubiri.

Kila glasi ifanyie haya, haichukui dakika mbili:

1. Shika shina la glasi, si tumbo lake. Kiganja hupasha mvinyo na vidole vyenye mafuta huchafua.
2. Inamisha juu ya karatasi nyeupe. Mwekundu mchanga una ukingo wa zambarau, ukizeeka ukingo huwa wa tofali. Mwekundu wa miaka miwili wenye ukingo wa kahawia una kasoro, huenda umepata joto.
3. Nusa kwanza bila kuzungusha. Halafu weka glasi mezani, izungushe ikiwa imekaa hapo hapo, unuse tena. Wanaozungusha hewani ndio wanaomwagia majirani.
4. Piga funda dogo, liviringishe mdomoni sekunde tano. Pembeni mwa ulimi mate yakichuruzika kama umeona embe bichi na chumvi, hiyo ni asidi. Ufizi ukikauka, tanini. Koo likiwaka, pombe.
5. Tema. Ndoo iko mezani kwa kazi hiyo. Kunja midomo, inama karibu, tema mfululizo. Fanya mazoezi na maji bafuni siku moja kabla. Kutema si utovu wa adabu hapa, wenyeji wenyewe wanatema kila siku ya kazi.
6. Andika maneno matatu kabla ya kuuliza wenzako. Ukishamsikia mwenzako akisema "plamu", nawe utanusa plamu.

Mabaki kwenye glasi mimina ndoo ile ile. Kati ya mvinyo na mvinyo kunywa maji, tafuna mkate mkavu. Jibini subirini mwisho, mafuta yake hulainisha tanini na kufanya kila mwekundu uonekane mzuri. Wauzaji wanalijua hilo.

Kama ulilelewa na mvinyo mtamu wa Dodoma, mwekundu wa kwanza wa Stellenbosch utakushtua. Usiseme "mbaya". Ni mkavu, sukari yote imeliwa na chachu. Rudi kwenye glasi hiyo baada ya dakika kumi na kipande cha nyama. Na kama bado hauupendi, omba Chenin Blanc, kama wanayo. Ndiyo zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote nchini humo, na huwapokea wageni kwa upole.

Mvinyo ukinuka kadibodi iliyolowa, chupa ina ugonjwa wa kizibo. Sema kwa utulivu. Watafungua nyingine bila ubishi, na wataanza kukuchukulia kwa uzito.

Utajua imekwenda vizuri kama baada ya glasi ya tano bado unaweza kueleza tofauti ya ya pili na ya nne.

## Hatua ya 9: Kununua na kufungasha

Subiri mpaka mwisho, soma daftari lako, nunua uliyoiandikia vizuri. Kwingine ada ya kuonja hufutwa ukinunua, uliza kabla ya kulipa. Bakshishi ya asilimia 10 hadi 15 ni desturi mezani penye chakula, na aliyekuongoza kiwandani naye anastahili kitu.

Sasa hesabu ya forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu abiria wa miaka 18 na kuendelea kuingiza lita 2 za mvinyo bila ushuru. Chupa mbili za mililita 750 ni lita 1.5. Ya tatu inakupeleka 2.25, umevuka. Ujanja halali ni kuongeza nusu chupa ya mililita 375, ambayo mvinyo mtamu mara nyingi huuzwa nayo: jumla 1.875. Zaidi ya hapo tangaza na ulipe.

VAT ya asilimia 15 unaweza kurudishiwa kwa bidhaa unazotoka nazo, zikizidi randi 250 kwa jumla. Omba risiti ya kodi, si karatasi ya mashine ya kadi. Chupa lazima zikaguliwe kabla begi halijakabidhiwa kwa ndege, na ukipitia Johannesburg, uliza mapema ukaguzi unafanyikia wapi. Wengi hukabidhi begi kwanza, na hapo dai limekufa.

Chupa moja ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.6. Haipiti kwenye begi la mkononi, kwa hiyo:

- Ifunge mfuko wa plastiki usiovuja, toa hewa, piga mkanda.
- Izungushie taulo, shingo ikipewa mzunguko wa ziada. Chupa hupasukia mabegani na shingoni, mara chache tumboni.
- Ilaze katikati ya begi, nguo laini pande zote sita, vidole vinne vya nafasi kutoka kila ukuta.
- Kati ya chupa na chupa weka viatu au jinzi. Kioo kwa kioo ndicho kinachoua.
- Tikisa begi. Ukisikia chochote kinagonga, fungua upya.

Na lile buti la gari. Gari lililofungwa juani Februari hupita nyuzi 50. Mvinyo hupanuka, kizibo husukumwa nje kidogo, na hewa huingia ukipoa. Ukiona kizibo kimevimbisha karatasi ya juu au lebo ina mchirizi, chupa hiyo inyweni usiku huo huo. Ukienda kula mchana, chupa ziingie nanyi mgahawani.

## Hatua ya 10: Ukishafika nyumbani

Ilaze chupa wiki moja hadi mbili kabla ya kufungua, hasa nyekundu. Mtikisiko wa safari huifanya iwe bubu, harufu na ladha zikijificha.

Mahali pazuri ni kabati la ndani lisilopakana na jiko wala ukuta wa magharibi. Ushauri wa muuzaji kwamba "huu unakaa miaka 15" ni kwa ghala la nyuzi 14. Dar es Salaam au Mombasa, chumbani nyuzi 30, mvinyo huo hauna miaka 15. Unywe ndani ya miezi sita, au umwachie ndugu wa Arusha, Limuru au Njombe akuhifadhie.

"Joto la chumba" kwenye lebo ni la chumba cha nchi ya baridi, nyuzi 16 hadi 18. Mwekundu wa pwani uingie friji kwanza mpaka ufikie nyuzi hizo, mweupe ukae humo muda mrefu zaidi.